Haibiskasi Inayostahimili Theluji

Haibiskasi sugu ni mimea ya jenasi ya Hibiscus inayoweza kuishi ardhini miaka mingi katika nchi ambazo majira ya baridi hugandisha udongo na kuufunika kwa theluji. Si ile haibiskasi ya kitropiki, Hibiscus rosa-sinensis, ambayo watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huipanda kando ya uzio na mbele ya nyumba. Hiyo ya kitropiki huanza kuumia joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na usiku mmoja wa jalidi kali hutosha kuimaliza. Aina sugu nyingi hupita salama kwenye baridi ya nyuzi 29, na baadhi hata nyuzi 34, chini ya sifuri.

Tofauti hii ina gharama kwa asiyeijua. Katika maduka ya mimea ya Ulaya na Amerika Kaskazini, aina zote mbili huuzwa msimu mmoja na huitwa jina moja. Mtu aliyekulia Pwani ya Afrika Mashariki akavutiwa na ua analolijua tangu utoto anaweza kununua mche mzuri mwezi Juni, ukachanua hadi Septemba, na kufika Novemba ukawa mti mkavu. Namna ya kuzitambua si ngumu. Majani ya aina ya kitropiki ni ya kijani kibichi iliyokolea, magumu kidogo, na yanang'aa. Majani ya aina sugu iliyoenea zaidi hayang'ai. Ni mapana, yana umbo la moyo au yamechongoka pembeni, na upande wa chini wa jani una vinyweleo laini vyeupe. Rangi ya ua nayo husema mengi: aina sugu hiyo huwa nyeupe, ya waridi au nyekundu, ilhali ua la njano iliyokolea au la rangi ya chungwa karibu kila mara ni la kitropiki. Lililo hakika kuliko yote ni kusoma jina la kisayansi kwenye kibandiko, na duka lisiloliandika halistahili kuaminiwa katika jambo hili.

Mimea hii ni ya familia ya Malvaceae, ambayo wanachama wake wengi wako mashambani na jikoni kote Afrika Mashariki: bamia, pamba, choya inayotengenezewa kinywaji chekundu, hata mbuyu. Anayelijua ua la bamia tayari analijua umbo la haibiskasi: petali tano zenye doa jeusijeusi katikati, na mhimili mmoja unaotokeza ukiwa umebeba chavua. Pwani ya Kenya na Tanzania yenyewe ni asili ya haibiskasi moja inayopendwa duniani kote, Hibiscus schizopetalus, ile yenye petali zilizochanikachanika na kugeuka juu na ua linaloning'inia kwenye kikonyo kirefu. Hiyo ni ya kitropiki tupu, na theluji haiiwezi.

Kiini cha haibiskasi sugu za bustanini ni Hibiscus moscheutos, mmea ulioelezwa kisayansi na Carl Linnaeus mwaka 1753. Makazi yake ya asili ni vinamasi na kingo za mito za mashariki na kusini mwa Marekani, kuanzia Texas na Florida hadi kwenye maziwa makubwa yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada. Kule kaskazini kabisa mwa eneo lake, kwenye mabwawa ya kingo za Ziwa Erie na Ziwa St. Clair katika jimbo la Ontario, umekuwa mmea wa kuangaliwa kwa uangalifu: Kanada imeuweka katika orodha ya viumbe wanaohitaji uangalizi maalumu, kwa sababu vinamasi vyenyewe vimekaushwa kwa kilimo na majengo, na vilivyobaki vinavamiwa na matete ya kigeni yanayosonga kila kitu. Anayeupanda nyumbani afahamu basi kwamba ana mmea wa kinamasi mkononi. Karibu kila shauri la kuutunza linatokana na hapo.

Ndugu zake watatu wanafaa kutajwa. Hibiscus laevis huota kando ya mito ya katikati na mashariki mwa Marekani, una majani yaliyochongoka mfano wa ncha ya mkuki, na unastahimili baridi karibu sawa na moscheutos. Hibiscus coccineus unatoka Georgia, Florida na majimbo jirani. Una maua mekundu ya kukoza yenye petali zilizoachana, urefu unaofika mita 2 au zaidi, na majani yaliyogawanyika vidole ambayo kwa mtazamo wa haraka watu huyadhania ya bangi. Kwa kuwa ni wa kusini, baridi ya kaskazini huutesa zaidi. Wa tatu, Hibiscus syriacus, ni kichaka chenye mashina magumu ya mti, na habari zake zitafuata mbele, maana hautunzwi kwa njia ya hawa wengine.

Namna moscheutos unavyovuka majira ya baridi ndiyo ya kueleweka kwanza. Hautafuti kuyaokoa mashina yake. Jalidi za kwanza zikipiga, mwezi Oktoba au mwanzoni mwa Novemba katika ukanda wa maziwa makubwa ya mpakani, majani hunyauka na kuwa meusi, na mashina yote, hata yale yaliyofikia kimo cha mtu, hukauka hadi usawa wa udongo. Kinachobaki hai ni mizizi minene na kisiki kilichofukiwa, chenye macho ya machipukizi ya mwaka unaofuata. Wiki za mwisho za joto, mmea huwa umeteremsha chakula chake, wanga na sukari, kutoka kwenye majani hadi mizizini. Ndiyo sababu si vyema kukata majani yakiwa bado ya kijani mwezi Septemba ili bustani ionekane nadhifu: kufanya hivyo ni kuupokonya mmea akiba yake ya majira ya baridi.

Chini ya udongo hali si kali kama juu. Hewa inaweza kufika nyuzi 25 chini ya sifuri usiku, lakini theluji ya kina cha sentimita 30, kwa jinsi ilivyojaa hewa ndani yake, huzuia joto la ardhi lisipotee, na uso wa udongo ulioko chini yake hubaki karibu na sifuri. Hatari huja pale ambapo baridi ni kali na theluji haipo, au pale ambapo udongo huganda usiku na kuyeyuka mchana kwa wiki kadhaa. Maji yaliyo udongoni hutanuka yakiganda, na kuganda na kuyeyuka huko huusukuma mche mchanga juu kidogokidogo mpaka mizizi yake ibaki wazi kwenye upepo. Miche mingi inayokufa katika mwaka wa kwanza hufa hivyo, na si kwa sababu aina yake haiwezi baridi.

Nchini Marekani, wakulima wa bustani hutumia ramani ya Wizara ya Kilimo inayogawanya nchi katika kanda 13 kwa kufuata wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka. Ramani hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1960 na toleo lake la karibuni ni la mwaka 2023. Hibiscus moscheutos na machotara wake huuzwa kwa kanda ya 5, ambako baridi hufika kati ya nyuzi 23 na 29 chini ya sifuri, na machotara wengi huvumilia kanda ya 4. Kanda ni msaada, lakini husema habari ya majira ya baridi pekee. Haisemi kitu juu ya majira ya joto, na kwa haibiskasi majira ya joto yana uzito uleule, pengine zaidi.

Jambo hili huwashangaza watu wengi. Uingereza ina majira ya baridi mepesi kuliko Michigan, na mizizi ya moscheutos haisumbuki kabisa na baridi ya huko. Hata hivyo, katika bustani nyingi za Uingereza mmea huchelewa, huwa mfupi, na matumba yake hufika Septemba bila kufunguka. Kilichokosekana ni joto. Michigan na Nebraska zina theluji nyingi, lakini Julai yao ni ya nyuzi 28 hadi 32 na usiku wenye vuguvugu. Hapo mmea hupata nguvu ya kujenga shina na maua yote ndani ya miezi mitatu. Mkulima wa sehemu yenye majira ya joto hafifu anapaswa kwa hiyo kutafuta joto kuliko kuhofia baridi: apande chini ya ukuta wa matofali unaotazama kusini, mahali ambapo jua la mchana linapasha ukuta na ukuta unarudisha joto hilo usiku, tena penye kizuizi cha upepo.

Urefu wa mchana nao una kazi. Moscheutos ni mmea wa siku ndefu: huunda matumba pale mchana unapozidi muda fulani. Kaskazini ya mbali, ambako mchana wa Juni hupita saa 15, ishara hiyo huja yenyewe, na watu wa vitalu wanaotaka maua mapema huongeza taa usiku. Mtu akiuleta mmea huu Mombasa au Kisumu, ambako mchana ni wa saa 12 karibu mwaka mzima, atapata majani mengi na maua haba. Ni nadra kukuta ua kubwa na la kuvutia namna hii ambalo kwa maumbile yake limeumbiwa kaskazini.

Ukubwa wa maua yanayouzwa leo haukutoka porini moja kwa moja. Ua la porini lina upana wa sentimita 10 hadi 15. Machotara wa bustanini hufika sentimita 20 hadi 30, upana wa sahani ya kulia wali. Kazi hiyo ilifanywa na wazalishaji waliochanganya moscheutos, laevis na coccineus kwa miongo mingi. Robert Darby wa Maryland aliwapa watu 'Lord Baltimore' katika miaka ya 1950, ua jekundu safi ambalo bado linauzwa. Ndugu wa ukoo wa Fleming, huko Lincoln, Nebraska, ndio waliofanya kazi kubwa kuliko wote kwa ajili ya nchi za baridi, kwa kuwa walichagua mimea yao katika mji ambao baridi yake ya Januari haina huruma. Kwao kulitoka 'Kopper King', yenye majani ya rangi ya shaba na ua jeupe lenye jicho jekundu, na 'Fireball', yenye ua jekundu lililoiva. Siku hizi kitalu cha Walters Gardens kilichopo Zeeland, Michigan, kinazalisha mimea mifupi iliyojaa, ya kimo cha mita 1 hadi 1.2, inayobeba maua tangu chini hadi kileleni, ukiwemo 'Midnight Marvel' wenye majani karibu meusi. Kwa bustani ndogo, mimea hii mifupi ni chaguo la busara kuliko ile ya kale iliyokuwa ikitoa maua kileleni tu na kuhitaji kuegemezwa miti.

Wakati wa kupanda ni majira ya kuchipua, baada ya jalidi ya mwisho kupita. Maduka hupunguza bei mwezi Septemba na kumshawishi mnunuzi, lakini mche uliopandwa wakati huo hauna muda wa kushika udongo kabla haujaganda, na bei nafuu huishia kuwa hasara. Mahali pawe pa jua kwa saa 6 kwa uchache, na 8 ni bora. Kwenye kivuli mmea hurefuka, huinama, na hutoa maua ya kuhesabika. Shimo lichimbwe pana mara mbili ya mizizi, udongo uchanganywe na mboji iliyooza vizuri, na kisiki kikae sentimita 2 hadi 5 chini ya usawa wa udongo ili macho yake yasiachwe wazi kwa baridi. Kati ya mche na mche pawe na nafasi ya sentimita 90 hadi 120. Mche mdogo utaonekana mpweke katika nafasi hiyo mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu utaijaza yote.

Maji ndiyo haja kuu. Udongo mzito wa mfinyanzi unaotuamisha maji, ambao huua waridi na lavenda, haibiskasi hii huupenda, na mahali palipo bondeni kidogo, panapokusanya maji ya mvua kutoka paani, ni mahali pake hasa. Kwenye udongo wa kawaida hupewa maji ya kina mara moja au mbili kwa wiki, na kila siku katika wiki za joto kali. Ukikauka, mmea hausubiri: majani ya chini hugeuka manjano na kuanguka, na matumba huporomoka yakiwa hayajafunguka. Mtu anayeona matumba yakidondoka aangalie unyevu kwanza kabla ya kununua dawa yoyote. Matandazo ya majani makavu au magome yaliyosagwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, huhifadhi unyevu huo wakati wa joto. Mbolea haihitajiki kwa wingi. Mboji ya majira ya kuchipua pamoja na mbolea ya kawaida yenye virutubisho vilivyosawazishwa hutosha. Nitrojeni ikizidi, majani hustawi na maua hupungua, na mbolea inayotolewa baada ya Agosti huchochea machipukizi machanga ambayo jalidi itayakuta.

Subira ya majira ya kuchipua ndiyo inayowashinda wengi. Aprili tulipu zinachanua, Mei mapema kila mmea wa bustani una majani, na pale palipo na haibiskasi pana udongo mtupu. Siku zinapita, hakuna kitu. Mmea huu hauamki mpaka udongo wenyewe upate joto, na katika ukanda wa kusini mwa Ontario na Michigan hilo hutokea mwishoni mwa Mei, pengine Juni ya mwanzo. Visiki vingi vilivyokuwa hai vimeng'olewa kwa jembe na kutupwa, au kuchomwa uma wa kupandia vikipandwa vitu vingine juu yake. Kinga yake ni rahisi: mashina makavu yaachwe yamesimama majira yote ya baridi, yakatwe hadi sentimita 10 au 15 pale tu majira ya kuchipua yanapoanza, na vile visiki vifupi vibaki kuonyesha mahali. Machipukizi mapya hayatoki kwenye shina la zamani. Hutoka ardhini, kando yake, yakiwa manene na yenye wekundu kidogo. Yakishatokeza hufidia muda uliopotea kwa kasi ya kustaajabisha, na katika wiki zenye joto huongeza sentimita 2 au 3 kwa siku. Yanapofika sentimita 20 hadi 30, anayetaka kichaka kilichojaa huchuna ncha zake. Maua yatachelewa kidogo, lakini matawi yatakuwa mengi na upepo hautayavunja kirahisi.

Maua huanza mwishoni mwa Julai na kuendelea hadi Septemba. Kila ua huishi siku moja. Tumba hufunguka asubuhi, petali hutandazika kabisa jua likipanda, na kesho yake ua limejikunja na kulegea. Mmea uliokomaa hufidia ufupi huo kwa wingi, maana huwa na matumba ya rika mbalimbali kwenye kila shina, na karibu kila asubuhi kuna jipya. Ukilitazama ua kwa karibu, utaona mhimili wa katikati ukiwa bomba lililoundwa na nyuzi za stameni zilizoungana, limezungukwa na vifuko vidogo vya chavua, na mwishoni mwake kuna matawi matano mafupi yenye vichwa vya kunata: hivyo ndivyo vinavyopokea chavua. Kwa Hibiscus laevis kuna utaratibu wa ajabu. Matawi hayo hukaa yamenyooka, mbali na chavua ya ua lenyewe, yakingoja nyuki alete ya mmea mwingine. Asipofika, kadiri siku inavyokwisha yanajipinda nyuma taratibu mpaka vichwa vyake viguse vifuko vya chavua vilivyo chini yake, na ua likajichavusha lenyewe kabla ya kufa.

Kusini na mashariki mwa Marekani yuko nyuki aliyejifunga na mimea hii karibu kabisa, Ptilothrix bombiformis. Ni mkubwa, mweusi, na mgongo wake una manyoya ya kijivu. Jike lake hukusanya chavua ya haibiskasi, chembe kubwa zenye miiba midogo, kwa ajili ya watoto wake, na huchimba kiota katika udongo mgumu uliokauka. Ili aweze kuuchimba, hutua juu ya maji ya bwawa, akasimama pale bila kuzama, akanywa, kisha hurudi na kuyatema udongoni ili ulainike. Udongo alioutoa huufinyanga viduara vidogo na kuvisukuma kando ya tundu. Kwa ajili ya nyuki huyu na wenzake, kunyunyizia dawa ya wadudu kwenye mmea ulio katika maua ni dhuluma isiyo na sababu.

Wadudu waharibifu wapo, na wawili wanatosha kuelezwa kwa kirefu. Wa kwanza ni nyigu-msumeno wa haibiskasi, ambaye mabuu yake ya kijani hukaa chini ya jani na kulila mpaka zibaki mishipa mitupu. Mabuu haya hufanana na viwavi lakini si viwavi wa vipepeo, kwa hiyo dawa ya bakteria ya Bt, inayoua viwavi, haiyafanyi kitu. Wengi hutumia fedha yao bure hapo. Kinachofaa ni kugeuza majani tangu Juni, kuyaponda mabuu yangali machache, au kuyanyunyizia sabuni maalumu ya kuulia wadudu upande wa chini wa jani jioni, nyuki wakiwa wamelala. Wa pili ni mbawakawa wa Kijapani, aliyeonekana Marekani mara ya kwanza mwaka 1916 katika jimbo la New Jersey na kuenea hadi Kanada. Huyu hula majani na maua mchana kweupe. Asubuhi mapema huwa mzito wa baridi, na ndipo hukung'utwa kwa mkono kuingia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mitego ya harufu inayouzwa madukani huwavuta kutoka kwa jirani na kuongeza idadi yao bustanini, hivyo ni afadhali kuiacha. Vidukari na inzi weupe hutokea, lakini maji ya mpira yenye msukumo mara nyingi huwamaliza.

Matandazo ya majira ya baridi, unene wa sentimita 10 hadi 15, hutandazwa udongo ukishaanza kuganda, si kabla. Lengo lake ni kuufanya udongo ubaki umeganda kwa utulivu bila kuyeyuka na kuganda tena. Kwa mmea wa mwaka wa kwanza au wa pili hili ni la lazima. Uliozeeka, wenye kisiki kipana, hulihitaji tu katika sehemu zisizo na theluji ya kuaminika. Matandazo hayo yaondolewe Aprili ili jua lipashe udongo, maana yakiachwa huchelewesha zaidi mmea ambao tayari ni mchelewaji.

Hibiscus syriacus, kichaka cha mita 2 hadi 4 chenye asili ya Uchina, unafuata kanuni nyingine. Mashina yake ni mti halisi na hayafi majira ya baridi, ila ncha zake huweza kuungua baridi ikizidi nyuzi 29 chini ya sifuri. Maua yake ni madogo, sentimita 5 hadi 10, lakini yana rangi ambazo moscheutos hauna, zikiwemo zambarau na samawati, na yanafunguka mfululizo kuanzia Julai hadi Oktoba. Korea Kusini imelichukua kuwa ua la taifa. Hauhitaji kinamasi, udongo usiotuamisha maji unaufaa zaidi, na huvumilia majira ya joto hafifu, ndiyo maana ndio haibiskasi ya kawaida katika bustani za Uingereza. Hupogolewa mwishoni mwa majira ya baridi, kwa kuwa maua hutoka kwenye matawi ya mwaka huohuo. Tatizo lake kubwa ni kutapakaza mbegu: chini ya kichaka kimoja huota mamia ya miche. Donald Egolf wa Bustani ya Taifa ya Miti mjini Washington alilitatua kwa kuzalisha mimea yenye seti tatu za kromosomu, ambayo hutoa mbegu chache sana, na kuipa majina ya kike ya kale: 'Diana' jeupe safi, 'Helene', 'Minerva' na 'Aphrodite'. Mnunuzi asiyetaka kung'oa miche kila mwaka atafute hizo.

Haibiskasi sugu inaweza kukaa kwenye chungu kikubwa, lita 40 au zaidi, lakini chungu hakina ulinzi wa ardhi; baridi hukizunguka pande zote na mizizi hupata kipigo ambacho isingekipata udongoni. Chungu kiingizwe katika gereji isiyopashwa joto au kifukiwe ardhini hadi ukingoni ifikapo Novemba. Kukiweka sebuleni ni kosa, kwani mmea unahitaji usingizi wa baridi.

Kuzidisha mimea hufanyika kwa njia tatu. Kugawa kisiki ni kugumu, maana kinakuwa mti mgumu unaohitaji msumeno, na mmea mkongwe ukisumbuliwa huchukua mwaka mzima kurudi katika hali yake. Vipandikizi ni rahisi zaidi: ncha laini za sentimita 10 hadi 15 hukatwa mwezi Juni, majani ya chini yakaondolewa, na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mfuko wa plastiki, hutoa mizizi ndani ya wiki nne hivi, na mmea unaopatikana ni sawa kabisa na mama. Kwa mbegu kazi ni kuvunja ganda, ambalo ni gumu na halipitishi maji. Mbegu husuguliwa kwa msasa au kukwanguliwa kwa kisu upande mmoja, zikalowekwa usiku kucha katika maji ya moto kiasi, kisha hupandwa ndani ya nyumba wiki 8 hadi 12 kabla ya jalidi ya mwisho, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25. Mbegu za machotara hazirudishi ua la mama, bali hutoa mchanganyiko wa weupe, waridi na wekundu, na mkulima huchagua anachokipenda. Zikipandwa mapema hivyo, miche yake mingi huchanua mwaka huohuo, kabla hata haijaonja majira yake ya kwanza ya baridi.